Vidole vya Mama mlangoni

Mimi ni karani wa mizani katika ghala moja la chai Shimanzi, Mombasa. Kila gunia linalopita mbele yangu, kilo zake naziandika mimi. Afisa wa vipimo huja kila mwaka na mawe yake, akayapanga juu ya mizani, na ikisema kweli anaipiga muhuri. Kwa hivyo daktari aliposema mamangu apimwe uzito kila asubuhi, sikuona ugumu. Nikanunua mizani ya kioo, ile ya betri, Mwembe Tayari, nikaipeleka nyumbani Kibokoni.

Moyo wa Mama umechoka kusukuma damu. Maji yakianza kubaki mwilini, kilo hupanda, mara nyingi kabla hata miguu haijavimba. Tuliambiwa: zikizidi 2 ndani ya siku 3, msingoje, pigeni simu.

Jumatatu, 61.4. Jumanne, 63.6. Usiku ule ule tukamkimbiza hospitali kwa tuktuk. Wakamsikiliza kifua, wakambonyeza miguu, hakuna maji. Tukarudi saa nane za usiku, Mama kimya njia nzima, amejifunika leso hadi kichwani. Asubuhi mizani ikasema 60.9. Niliona haya. Kazi yangu ni hii, na nimemtesa mgonjwa kwa namba ya uongo.

Kwanza nikaichunguza sakafu. Nyumba zetu za Mji wa Kale ni za mawe ya kale, sakafu imezibwa na kuzibwa tena, na vigae vya bafuni vimeinamia tundu la maji. Mizani hizi zina miguu minne, na kila mguu hubeba sehemu yake ya uzito na kuupima. Nilipobonyeza pembe moja kwa kidole, ikacheza. Na Jumanne ile mpwa wangu alikuwa ameiweka juu ya busati ili isilowe! Nikaihamishia kwenye korido, palipo sawa na pagumu, nikachora pembe zake nne sakafuni kwa rangi ya kucha. Haitoki hapo. Akiisogeza mtu wakati wa kufagia, huirudisha kwenye alama, anaikanyaga kidogo, anangoja isome 0.0 ndipo Mama apande.

Kisha nikatafuta jiwe langu la mizani. Nilijaza maji mtungi wa lita 20, nikaufunga barabara, nikaupima ghalani kwenye mizani yenye muhuri: 21.0. Nyumbani ukasoma 20.8, mara tatu mfululizo. Inapunja, lakini inapunja vilevile kila mara, na kwa shida yetu hilo latosha. Daktari anataka kujua kilichoongezeka tangu jana. Mtungi huo una faida nyingine: baadhi ya mizani za betri hukumbuka namba ya mwisho na kuirudia mtu akipanda tena upesi. Nikitaka kupima mara ya pili, naupandisha mtungi kwanza, ndipo Mama.

Bado Mama alikuwa akiyumba, leo 60.7, kesho 61.5. Tulishapanga saa: baada ya sala ya Alfajiri, ametoka chooni, hajanywa chai (nusu lita ya maji ni nusu kilo, haina mjadala), leso zile zile mbili kavu. Nikakosa jibu, hadi asubuhi moja nilipochuchumaa kusoma namba na kuinua macho. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa vimegusa fremu ya mlango. Kuegemea kidogo tu. Nikamwambia, "Mama, achia mlango." Akasema, "Naogopa kuanguka, mwanangu." Alipoachia, namba ikapanda gramu 700.

Sikumlaumu. Sasa nasimama mbele yake, mikono yangu wazi chini ya viwiko vyake bila kumgusa, naye anatazama mbele, si chini. Anahesabu hadi tano kwa sauti, namba inatulia.

Daftari likatulia pia: 61.3, 61.2, 61.4, 61.2. Ndipo mwezi wa tatu ikaja 62.1, kesho yake 62.8, kesho kutwa 63.5. Miguu bado myembamba, Mama anasema yuko salama. Nikakagua alama za rangi ya kucha, nikapandisha mtungi: 20.8. Nikampigia daktari kabla ya saa moja. Akaongeza dawa ya kutoa maji siku hiyo hiyo. Jumapili Mama alipanda, akahesabu hadi tano, nikamsomea 61.6, na akaenda mwenyewe jikoni kutia chai.