"Mama yake yuko wapi?" Nilivyopata ruhusa yenye malipo ya kumuuguza mwanangu

"Mama yake yuko wapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza meneja wetu aliloniuliza asubuhi ile ya Novemba 2024, nilipoingia ofisini kwake bila kulala, shati likiwa na matapishi ya mtoto begani. Hakuuliza mtoto anaumwa nini. Aliuliza mama yake yuko wapi, kana kwamba mtoto wa miaka sita akilazwa, baba ni mgeni wa kuja kumwona saa za jioni na kuacha chungwa.

Mimi ni karani wa mizani katika ghala moja la korosho hapa Mtwara. Aliyekaa huku hahitaji kuelezwa Novemba ni mwezi gani. Malori ya Tandahimba na Newala yamepanga foleni, minada inafuatana, vyama vya msingi vya ushirika vinadai stakabadhi zao leo leo, na gunia ambalo halijapanda mzani ni pesa ya mkulima iliyolala. Najua vizuri nikikosekana pengo langu linakaa wapi. Lakini mke wangu anauza chai, vitumbua na supu kule Feri. Siku asipowasha jiko hakuna mtu duniani anayemlipa, na wateja wanahamia kwa jirani. Mimi nina mkataba, nina mshahara, na nina ruhusa inayotambuliwa na sheria. Sasa kati yetu wawili, nani alipaswa kukaa wodini? Bibi wa watoto mzaa mama alikuwa Tandahimba anaokota korosho zake, na hizo hazisubiri mtu.

Hayo yote sikuyajua tangu mwanzo. Nilianza kwa kufuata ushauri mbaya, na ushauri ule bado unaniuma, kwa hiyo acheni niusimulie wote.

Ilikuwa msimu wa 2022. Binti yangu mkubwa alishikwa na homa kali, akalazwa. Mwenzangu wa mizani ya pili, mtu mwema kabisa, akanivuta pembeni ya magunia: "Kaka, usijisumbue kuomba ruhusa ya mtoto, hapa haitoki. Nenda kachukue ED yako mwenyewe. Sema tumbo. Tumbo halina kipimo." Kwa wasioijua, ED ni ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazini. Nikaenda kwenye kituo kimoja cha watu binafsi, nikatoa elfu kumi, au ilikuwa kumi na tano, na mhudumu akaniandikia siku mbili za kuharisha bila hata kunigusa mkono. Nikaituma kazini kwa bodaboda, nikaenda kukaa na mwanangu. Niliona nimemaliza.

Kesho yake asubuhi niko bombani nje ya wodi, nafua nguo za mtoto, nasikia sauti nyuma yangu: "Kaka, pole. Si tumeambiwa unaharisha?" Nikageuka. Dereva wa meneja! Alikuwa amemleta mkewe kliniki. Sikuwa na la kumjibu. Nilisimama na gauni la mtoto mkononi, maji yanachuruzika kwenye viatu. Sina hakika kama alisema kwa ubaya au alikuwa anasimulia tu, lakini kufika saa tisa alasiri ghala zima lilikuwa linajua. Nilipoitwa, wakapiga simu kwenye kile kituo, na daftari la wagonjwa halikuwa na jina langu. Nikapewa barua ya onyo, na zile siku mbili zikakatwa.

Kukatwa pesa kuliuma, lakini si sana. Kilichouma ni mwaka uliofuata, nilipougua taifodi kweli kweli. Sheria inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Cheti nilikuwa nacho, tena chenye muhuri. Bado kilipigiwa simu mara mbili, na mimi nimelala nikitetemeka chini ya blanketi. Uongo niliousema kwa ajili ya mtoto ulikula haki yangu ya kuaminika nilipokuwa mgonjwa mimi. Kwa hiyo mtu akikwambia chukua ED ya uongo, usimsikilize. Wala usimsikilize anayesema "kaa tu nyumbani, watazoea." Ukikosekana zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika, umeshawapa sababu ya kukufukuza.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mstaafu, mteja wa kila siku wa chai kwa mke wangu. Zamani alikuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Nilimsimulia yale ya bombani, akaweka kikombe chini, akasema, "Kijana wangu, ulinunua kitu ambacho ulikuwa nacho bure." Siku ya pili alikuja na sheria yenyewe, karatasi zimelegea kwa kushikwashikwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Akanionyesha kifungu cha 34. Mfanyakazi anastahili siku nne zenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Imeandikwa mfanyakazi. Haikuandikwa mama. Nilisoma mara tatu pale pale kwenye benchi, chai ikapoa.

Akanifundisha na namna ya kuomba, na hapa ndipo ninapojivunia. Usianze na mdomo, alisema. Anza na karatasi.

Basi usiku ule wa Novemba, kijana wangu alipoanza kuweweseka na kutapika kila alichopewa, tulikimbia naye hospitali kwa bajaji. Kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, na kwa kuwa hakuweza kuinuka wala kunywa kitu, wakasema ni malaria kali, analazwa. Angekuwa chini ya miaka mitano matibabu yangekuwa bure, lakini alikuwa ametimiza sita Agosti, tukalipa. Kama elfu hamsini hivi usiku ule, sikuhesabu vizuri. Alfajiri, mtoto ameshachomwa sindano ya kwanza, nikaandika barua nikiwa nimeegemea dirisha la wodi. Ilikuwa nusu ukurasa: YAH: maombi ya ruhusa yenye malipo ya kumuuguza mtoto, siku tatu, kwa mujibu wa kifungu cha 34. Nikaandika nakala mbili kwa mkono. Nikamwomba daktari karatasi ya uthibitisho, na nikaomba iandikwe hivi: mtoto amelazwa, na anauguzwa na baba yake, kisha jina langu kamili. Hilo la jina msilisahau. Karatasi inayosema mtoto anaumwa tu haimzuii mtu kuuliza wewe unahusikaje, na mwajiri ana haki ya kudai ushahidi kabla ya kulipa.

Mke wangu akanipokea wodini kwa saa moja kabla ya kwenda Feri. Nikafika kazini mapema, lakini sikwenda kwa meneja. Nilikwenda kwanza kwa dada wa masijala. Nikamsalimu, nikampa nakala zote mbili, nikasema, "Dada, naomba unipokelee." Akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye zote, akaandika tarehe na saa, akaingiza kwenye daftari, akanirudishia moja. Nikaikunja, nikaiweka mfukoni. Hapo ndipo nikagonga mlango wa meneja.

"Mama yake yuko wapi?"

"Yuko kazini kwake, bosi."

"Kwani wewe ni nesi? Dawa si anapewa na wauguzi? Nenda jioni ukamwone."

Nikamweleza kwamba sindano ya artesunate anachomwa akipokelewa, tena baada ya saa 12, tena baada ya saa 24, na akiweza kunywa ndipo anaanza dawa mseto ya siku tatu. Katikati ya hapo kuna mtu anatakiwa kumpoza homa, kumnywesha uji kijiko kimoja kimoja, kumpeleka chooni, na kumwita muuguzi akianza degedege. Muuguzi mmoja usiku ule alikuwa na vitanda vingi kuliko vidole vyangu. Akasema msimu hauruhusu. Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba barua yangu iko masijala, imepokelewa, na kama jibu ni hapana naomba nilipate kwa maandishi. Nikakaa kimya.

Akaniangalia. Akamwita afisa utumishi. Afisa utumishi, Mungu amjalie, akaja na ile nakala mkononi, akasema, "Bosi, hii ni haki yake." Dakika mbili, sahihi ikawekwa. Mwaka 2022 nilitoa pesa nikapata onyo, na sasa nilikuwa natoka na ruhusa iliyonigharimu karatasi mbili na kalamu.

Wodini nilikuwa baba peke yangu. Akina mama walinitazama siku ya kwanza, siku ya pili mmoja akanipa kanga ya kumfunika mtoto, mwingine akanionyesha jinsi ya kumgeuza bila kuvuta mpira wa dripu. Siku ya tatu kijana akaomba muhogo wa kuchoma. Nilikwenda kulilia koridoni.

Mwisho wa mwezi mshahara ulikuja umekatwa siku tatu. Nikaenda na nakala yangu yenye muhuri, na mwezi uliofuata ile pesa ikarudi. Kama wangegoma, nilishaelekezwa kwa afisa kazi wa mkoa, na kutoka hapo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako madai ya namna hii yanapelekwa ndani ya siku 60. Sikufika huko.

Habari zilienea, nikaanza kufuatwa. Dada mmoja wa kuchambua korosho, anayeajiriwa msimu kwa msimu, alikuwa anamfunga mtoto mwenye homa mgongoni na kuja naye kazini, katikati ya vumbi. Aliambiwa yeye hana ruhusa kwa sababu hajatimiza miezi sita. Kanuni ya miezi sita ipo kweli, ila sheria hiyo hiyo inasema aliyeajiriwa kwa msimu anastahili likizo zenye malipo. Tuliandika barua yake pamoja, juu ya gunia. Kuli wanaolipwa kwa gunia, wasio na mkataba hata wa mdomo, sikuwa na la kuwaandikia. Wale mtoto akiugua wanachagua kati ya hospitali na unga wa jioni, na hilo linaninyima raha hadi leo.

Na hata kwangu mimi mwenye mkataba, siku nne ni za miezi 36. Si kwa kila mtoto, wala si kwa kila ugonjwa. Jumla ni nne. Nikizidisha, mwajiri anaweza kuniruhusu, lakini bila malipo. Tena siku hizo hizo ndizo za msiba wa mke, mzazi, babu, bibi, mjukuu na ndugu wa tumbo moja. Kwa ugonjwa wangu mimi siku 126, kwa watoto wangu watatu pamoja na wafu wote wa ukoo siku nne! Huku kwetu, ambako malaria inawarudia watoto kila mvua, aliyepanga hesabu hiyo hajawahi kulala kwenye kiti cha plastiki wodini.

Agosti 2025 binti yangu mdogo alipata nimonia. Nilikuwa nimebakiwa na siku moja. Niliichukua, kisha nikaomba siku tano kutoka kwenye likizo yangu ya mwaka, zile 28, nikagawiwa. Safari hii meneja aliniuliza mtoto anaendeleaje.

Niliajiriwa Machi 2021, kwa hiyo mzunguko wangu wa pili wa miezi 36 unaisha Machi 2027. Hadi hapo sina hata siku moja. Na nina bibi Newala, amepita miaka themanini, ambaye ndiye aliyenilea.