Mninga hufa kila kiangazi, usiung'oe

Jumuiya yetu hapa Tabora ilipokubaliana kupanda miti iwe sehemu ya sala, karibu wote walitaka mikaratusi. Mkaratusi unauona ukikua. Mimi nikang'ang'ania mninga, na wapo wanaonicheka hadi leo.

Ushauri wa kwanza tuliopewa ulikuwa wa hovyo: chemsha maji, mwagia mbegu, ziache zilale humo. Hiyo ni dawa ya lusina na migunga, ambazo mbegu zake zina ganda gumu. Mbegu ya mninga ina ngozi nyembamba, kwa hiyo tulizipika. Tuliambulia harufu ya maharage yaliyochacha.

Ugumu wa mninga uko kwenye tunda. Ni duara lenye bawa kama karatasi, na katikati kuna kifundo chenye miiba kama nungunungu. Ukikishika mkono mtupu utachomoa miiba vidoleni hadi jioni. Washa nyasi kavu, pitisha matunda juu ya ndimi za moto ukihesabu hadi tano, basi. Miiba inaungua, bawa linakatika lenyewe. Moto wa porini hufanya kazi hiyohiyo. Kisha kata ukingo wa kifundo kwa mkasi wa kupogolea, kidogo kidogo, utoe mbegu moja au mbili. Sasa chukua kikata kucha (naam, hicho cha kucha) umegue ngozi ya mbegu upande ulio mbali na kitovu, lile kovu dogo mbegu iliposhikamana na tunda. Ukimega penye kitovu umeua kiini. Kwa ujanja huu miche ilitoka ndani ya wiki mbili hivi, na waliokuwa wakicheka wakaja kuazima kikata kucha.

Viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche, viwe virefu, maana mzizi mkuu hushuka haraka na kwenye kiriba kifupi hujikunja. Udongo tulichota chini ya mininga mikubwa, tukachanganya na mchanga. Maji kidogo, miche mingi tuliyopoteza ni kwa kumwagilia kwa huruma, shina likaoza usawa wa udongo. Kupanda shambani ni mvua zikishakolea, Desemba.

Halafu kiangazi kinakuja na mche unakauka wote hadi chini. Hapo ndipo watu wetu waling'oa zaidi ya nusu, wakisema umekufa. Fukua kidogo kwa kidole: mzizi upo, mnene, mbichi. Mvua zikirudi unachipua, kiangazi unakauka tena, miaka na miaka, hadi mzizi utoshe kubeba shina linalohimili ukame na moto. Paulo alipanda, Apolo akatia maji, lakini hakuna aliyeandika ni viangazi vingapi walikaa wakitazama ardhi tupu.

Kwa hiyo kila nyumba ilipewa miche yake kumi, na kila mche kigingi chenye namba, ili jembe la palizi lisikate kisichoonekana. Kufyeka njia ya kuzuia moto, mita tatu kuzunguka shamba, tunafanya wote siku moja mwezi Mei. Asiyekuja huleta uji. Moto mdogo mninga unauvumilia, ila mche wa mwaka wa kwanza usiujaribu.

Mchwa wameshakula vigingi mara mbili. Safari hii tumenunua mabaki ya nondo kwa fundi, elfu chache tu, na namba tumezipiga kwa patasi.