Sekunde Tatu za War Pigs

Kaseti ilikuwa ya kaka yangu, na alikuwa amenipa masharti mawili: nisiitoe chumbani, na nisiiguse akiwa hayupo. Siku ile hakuwepo. Nilikuwa na miaka 14, na kwa wiki nzima tulikuwa tumebishana kuhusu Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza, mpaka mama akapiga marufuku kuwataja mezani.

Kaka alikuwa mtu wa albamu ya kwanza, ile iliyotoka Februari 1970 na ambayo karibu yote waliirekodi kwa siku moja. Mvua, kengele, gitaa linalotisha: kwake yeye kila kitu kilikuwa kimeshasemwa humo. Ya pili, Paranoid, iliyofuata Septemba mwaka huohuo, aliiona ya kutafutia soko. Hakuchoka kunikumbusha kwamba wimbo ulioipa albamu jina ulitungwa dakika za mwisho, kama kwa nusu saa hivi, ili kujazia nafasi. Tena albamu ilikuwa iitwe War Pigs, ndiyo maana jaladani kuna mtu mwenye upanga na ngao ambaye hahusiani kabisa na jina lililoandikwa hapo.

"Hata jina la kazi yao hawakuliamua wenyewe," alisema.

Mimi niliyeipenda Paranoid sikuwa na hoja, nilikuwa na mapenzi tu. Albamu yenyewe nilikuwa nimeisikia vipande vipande, kwa sababu kaka alikuwa akizirusha nyimbo asizozitaka. Basi nikafunga mlango, nikaiweka kwenye redio kaseti, nikakaa sakafuni, masikio usawa wa spika.

War Pigs inaanza kwa mwendo mzito, gitaa na besi zikijikokota, na king'ora cha kutahadharisha mashambulizi ya ndege kikipanda na kushuka. Halafu kila kitu kinakatika. Kinachobaki ni mpiga dramu, Bill Ward, akigonga matoazi yake taratibu, na Ozzy Osbourne akiimba karibu peke yake; gitaa linaingia mara mbili kama mtu anayebisha hodi, linanyamaza tena. Nilisogea karibu zaidi. Maneno ni ya mpiga besi, Geezer Butler, kuhusu wakubwa wanaoanzisha vita na kuwaachia maskini kazi ya kufa, na wakati ule vita vya Vietnam vilikuwa bado vinaendelea. Ozzy hayapambi. Anayatoa kama shahidi mahakamani.

Hapo ndipo nilipoipata hoja yangu. Uzito wa bendi hii unatoka kwenye nafasi wanayoiacha kati ya pigo na pigo. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kiwandani, Birmingham, mkono uleule anaobonyezea nyuzi, akajitengenezea vifuniko vya plastiki ili aendelee kupiga. Ukijua hivyo unamsikiliza kwa namna nyingine. Ananyamaza sana kwa mtu anayesifiwa kwa kelele.

Wimbo una karibu dakika nane. Kuelekea mwisho maneno yanaisha, gitaa linabaki kuongoza, na ghafla muziki wote ukaanza kukimbia. Dramu zikaenda mbio, sauti ya gitaa ikapanda juu na kuzidi kuwa nyembamba. Redio yetu ilikuwa na tabia ya kuukimbiza utepe kabla ya kuula, na kaseti nyingine tulikuwa tumeshaipoteza hivyohivyo. Sikungoja. Nikafungua mlango wa kaseti kwa nguvu huku ikizunguka, nikaivuta. Utepe ukabaki ndani, umejisokota kwenye kiringi cha mpira, na kadiri nilivyovuta ndivyo ulivyozidi kukunjamana.

Niliutoa kwa subira ya kutetemeka. Kipande cha kama sentimita 14 kilikuwa kimekunjwa kama karatasi ya pipi, hakinyooki. Utepe wa kaseti hupita takriban sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo nilichokikata kwa wembe kilikuwa karibu sekunde tatu za muziki. Niliunga ncha mbili kwa selotepu niliyoichana nyembamba kama utambi, nikaurudisha utepe ndani kwa kuzungusha penseli kwenye tundu la kaseti, jino kwa jino.

Kaka aliporudi nilimwambia yote kabla hajavua viatu. Hakunigombeza. Aliketi, akacheza wimbo toka mwanzo, na pale mwishoni muziki uliporuka akafumba macho.

"Haikuwa inakula," akasema. "Ndivyo ilivyorekodiwa. Prodyuza na fundi wake waliongeza kasi ya utepe studio. Bendi wenyewe hawakuulizwa. Ndiyo mambo ninayoyasema kila siku."

"Lakini kaka, niliogopa mpaka nikatia mkono ndani ya mashine. Albamu ya kwanza haijawahi kuninyanyua sakafuni."

Nikamweleza nilivyoisikia: wimbo mzima unawahukumu majemadari, kisha mwishoni mashine yenyewe inawaponyoka, inakimbia bila dereva. Nilikuwa nazungumza haraka mno, machozi yananilengalenga. Bado naamini hivyo, hata kama waliofanya uamuzi ule walikuwa na nia nyingine.

Hakujibu. Aliiacha kaseti iendelee. Planet Caravan, ambayo siku zote aliirusha, safari hii aliiacha hadi mwisho, zile ngoma ndogo za mkono na sauti ya Ozzy ikiyumba kama inatoka chini ya maji. Iron Man ikapita. Akageuza upande wa pili.

Tulikuwa katikati ya Rat Salad, Bill Ward yuko peke yake anazichapa dramu, pigo likaruka. Tukatazamana. Sikuwa nimefikiria kwamba utepe ni mmoja, na upande wa pili umepita humohumo ukielekea kinyume. Wembe wangu ulikuwa umekata nyimbo mbili.

Kaka akairudisha nyuma kidogo. Tukasikiliza tena pale palipokatika. Akairudisha tena, na mara ya tatu akaanza kugonga goti kwa kidole, midomo ikicheza, akihesabu ni mapigo mangapi yaliyokosekana.