Skrubu zilizoinuka chini ya paa la mpira la RV, nilivyozishughulikia

Wenye RV (gari au trela la kuishi ndani) huku Marekani mnavijua vile vinundu vinavyoota juu ya paa la mpira, ukipitisha kiganja unavihisi hata kabla hujaviona. Yangu ilikuwa navyo kuanzia pale kwenye feni ya juu mpaka nyuma karibu na ngazi. Jamaa yangu mmoja wa Tanga tunaishi naye hapa Texas akaja kuangalia, akasema chukua nyundo, weka kitambaa, gonga zirudi chini mchezo uishe. Nikamwambia kaka, hapana. Skrubu ikishajitoa ujue tundu lake limelegea, ukiigonga italala leo, ukishapiga maili za kutosha kwenye highway inapanda tena na safari hii kichwa kinatoboa mpira kabisa, hapo maji yanaingia na wewe huna habari mpaka dari ianze kubadilika rangi.

Maana hili paa sio kama bati la nyumbani ambalo msumari unauona kwa juu na kofia yake. Huu mpira (wangu ni EPDM, aina ya mpira wa kiwandani) ni mwembamba, milimita moja na kidogo tu, umebandikwa kwa gundi juu ya plaiwudi au zile mbao za vipande vilivyogandamizwa za OSB, na hizo ndo zimefungwa kwenye kenchi kwa skrubu au pini za stepla. Trela ikitembea paa lote linacheza, mchana jua linapiga vinatanuka, usiku vinasinyaa, basi skrubu inapanda taratibu mwaka hadi mwaka.

Kabla ya kukata chochote nilibonyeza kwa dole gumba kuzunguka kila kinundu. Pakibonyea ujue mbao imeoza, hapo skrubu mpya haitashika kitu, inabidi mpira ufunuliwe na mbao ibadilishwe, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kwangu palikuwa pagumu, na ndani kwenye dari hakuna doa, nikaona twende.

Nilipanda asubuhi mapema kwa sababu mchana wa Texas goti haliwezi kukaa pale juu, nikatanguliza kipande cha plaiwudi cha kupigia magoti uzito usikae sehemu moja. Mama watoto chini kashika ngazi anauliza, "Baba Asha, una uhakika unataka kuukata huo mpira?" Ndo kitu kinachotisha watu wengi, lakini mkato mdogo unaoujua wewe na kuuziba mwenyewe ni afadhali mara mia kuliko tundu ambalo skrubu imelitoboa kimya kimya.

Nakata pembeni ya kinundu, sio juu yake, mkato mfupi wa kupitisha bisibisi tu. Naitoa ya zamani, naipima urefu, naweka nene zaidi kidogo, kama ilikuwa namba 8 naweka namba 10, na urefu nauongeza kidogo sana maana huko chini kuna nyaya za taa. Drili niliiacha chini, inazungusha haraka mno, unajikuta umeharibu tundu jipya au kichwa kimezama ndani ya mbao. Kwa mkono unasikia inavyokaza, unaishia kichwa kinapolala sawa na mbao. Ila kuna zingine hazikuwa zimeshika kitu toka kiwandani, walikosa kenchi wakaacha hivyo hivyo! Hizo nilizitoa nikapiga mpya pembeni penye kenchi, na kenchi niliipata kwa sumaku, unaipitisha juu ya mpira inanasa skrubu nzima zilizopo, ukiunganisha mstari umeshajua inapita wapi. Kama kenchi zako ni za alumini tafuta skrubu zinazotoboa zenyewe.

Kuziba sasa. Silikoni ya dukani usiguse, haishiki kwenye huu mpira, inabanduka. Nilisafisha kwa maji na sabuni mpaka ule unga mweupe ukaisha, nikaacha pakauke, nikapangusa na spiriti ya alkoholi (petroli na mafuta ya taa hapana, mpira unavimba), halafu kipande cha tepu ya EternaBond kilichokatwa kona za mviringo ili zisinyanyuke. Ile ukishaibandika ndo basi, hakuna kuirekebisha, kwa hiyo lenga kwanza ndo ubandue karatasi, kisha pitisha rola kwa nguvu. Kingo nikazungushia gundi ya Dicor ile inayojisambaza yenyewe.

Za stepla sikuzirudisha, nilizivuta na koleo nikaweka skrubu badala yake. Na vile vinundu vigumu ambavyo havichezi nimeviacha, naviangalia tu kila nikipanda kuosha paa, siwezi kukata mpira bila sababu.