Mapenzi yalivyotaka kuinyonya damu sirizi yangu ya vampaya

Kama kuna ushauri ulionipotezea muda kwenye kuandika skripti ni ule wa "gawa nusu kwa nusu". Kuna jamaa mmoja anajifanya mtaalamu aliniambia kila episodi niweke sini ya mapenzi, ifuate ya drama, mapenzi tena, drama tena, eti ndo balansi hiyo. Nikamsikiliza maana alikuwa anaongea kwa kujiamini utadhani kashinda tuzo. Matokeo yake binti wa hadithi yangu anamzika mdogo wake, sini inayofuata yuko juu ya paa na vampaya wake wanahesabu nyota, inayofuata yuko kaburini analia upya, alafu huyooo kapanda paa tena. Rafiki yangu niliyempa asome alicheka kwenye msiba. Akaniuliza "huyu dada kafiwa kweli au anatafuta ruhusa ya kutoka usiku?" Na zile sini za paa zote ni moja tu, vampaya anamgusa shavu kwa mkono wa baridi, anasema "mimi ni hatari kwako", binti anajibu "sijali". Hiyo "sijali" nimeiandika mpaka vidole vikawa vinaiandika vyenyewe.

Nikaitupa ratiba ya mtaalamu, nikarudi kuangalia zile sirizi zilizonishika mimi mwenyewe. Buffy the Vampire Slayer, msimu wa pili. Angel, vampaya anayependwa na Buffy mwindaji wa vampaya, ana laana, karudishiwa roho ili ateseke na maovu yake, ila akionja furaha kamili roho inaondoka. Sasa analala na Buffy usiku wa birthday ya Buffy ya miaka 17 na laana inafanya kazi yake, anarudi kuwa yule muuaji wa zamani. Haya niambie hiyo ni sini ya mapenzi au ya drama? Huwezi. Na mwisho wa msimu roho inarudi dakika za mwisho kabisa, lakini upanga lazima umpitie hivyo hivyo ili dunia ipone, na anayeushika ni Buffy. Mi hapo huwa nasimamisha video kwanza.

The Vampire Diaries nayo watu walitoana macho, timu Stefan, timu Damon, ndugu wawili vampaya wanaomgombania binti Elena, ila jaribu kumtoa Elena kabisa uone. Wale ndugu bado wana kesi yao tangu 1864, walimpenda Katherine wote wawili, na Stefan ndo aliyemsukuma Damon anywe damu amalizie kugeuka vampaya wakati mwenzie alishaamua bora afe. Ndo maana Nina Dobrev, aliyemcheza Elena, alipoondoka 2015 mwisho wa msimu wa 6, sirizi iliendelea misimu miwili mpaka 2017. Najua mtasema ilishuka, sawa, ilishuka, lakini ilisimama kwa miguu yake.

Basi nikachukua skripti yangu nikafuta sini zote za mapenzi, nikasoma kilichobaki. Hadithi ikaenda vizuri tu, hakuna aliyemkosa vampaya! Iliniuma jamani. Ila ikanionyesha kwamba shida haikuwa mapenzi kuzidi, shida ni kwamba yalikuwa hayamgharimu mtu kitu.

Ujanja ambao mpaka leo najisifia ni wa mlango. Mnajua vampaya haingii nyumbani kwa watu mpaka akaribishwe. Waandishi wengi wanampa mpenzi ndo amkaribishe, anasema "ingia" kwa sauti ya kunong'ona, muziki unapanda, basi. Mi nikampa mama mtu, maana nyumba ni yake. Binti anamleta mchumba, mchumba kasimama nje kizingitini anatabasamu, mama anakuja anafuta mikono na kanga anamwangalia usoni muda mrefu, alafu anasema, "Miaka 30, hata kola ya shati hujabadilisha." Kumbe mara ya mwisho aliyemkaribisha ni yeye, akiwa msichana, na usiku ule ule kaka yake hakuamka. Binti anaangalia huku na huku haelewi. Vampaya anasema tu "shikamoo", na kwa umri wake angeweza kumzaa babu wa huyo mama. Hakuna busu kwenye sini nzima, na kila aliyeisoma anaitaja kuwa ndo ya mapenzi kuliko zote.

Sini za paa nimebakiza moja, nimeihamishia kabla ya msiba. Vampaya anasikia mapigo ya moyo ya nyumba nzima si ndio? Sasa wanabusiana, na chini chumbani moyo wa mdogo wake binti, aliyekuwa mgonjwa, unaanza kuyumba. Anausikia. Anajua akisema tu binti atakimbia na busu limeisha, basi anachelewa kidogo. Kidogo tu. Wanaposhuka mtoto kashakata roho.

Nikapigiwa kelele nimfanye aungame hapo hapo, nikakataa, maana akiungama mapema inakuwa ugomvi wa dakika mbili na kusameheana. Siri nimeishikilia mpaka episodi ya 7. Katikati wanabusiana tena mara moja tu, binti ndo anaanza, anamshukuru kwa kuwa naye msibani, na msomaji anayejua anatamani kuingia kwenye karatasi amvute mkono. Hapo ndo nilipokuwa napataka.