Mizani mmbea

Mama hasemi akizidiwa. Ukimuuliza utaambiwa, "Sijambo, alhamdulillah," huku ngazi mbili za baraza letu hapa Magomeni anazipanda kwa vituo. Siku hizi nauliza mizani.

Daktari aliposema moyo wake umeshindwa kufanya kazi, dada yangu aliangua kilio palepale. Jina baya lile. Moyo haujasimama, ila umechoka kusukuma. Damu ikifika kidogo, figo hudhani mwili umeishiwa maji, basi zinang'ang'ania chumvi na maji. Hayo ndiyo yaliyomvimbisha miguu, yakapanda mapafuni hadi akawa analalia mito mitatu. Sisi tukasema uzee.

Kila asubuhi akitoka msalani, kabla ya chai, anapanda mizani na kanga moja tu. Naandika kwenye daftari. Tuliambiwa kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu si unene, ni maji, tupige simu.

Mwezi wa sita Jumapili alikuwa 61.2. Jumatatu 62.1. Jumatano 63.4! Nikakimbilia jikoni: ng'onda hakuna, achari nilishaificha, chumvi kijiko kilekile. Mwishowe mwanangu ndiye aliyemchongea: "Bibi hanywi ile ya kukojoa."

Kumbe alikuwa na shughuli Mbagala, kisha arobaini Gongo la Mboto. Lasix, ndiyo hiyo dawa ya kukojoa, ikimshika kwenye foleni je? "Nimwambie konda asimamishe gari nikachuchumae?" Nilicheka, halafu nikaona aibu. Muda wote nilimhesabia vidonge, sikuwahi kumuuliza anasafirije navyo.

Nikampigia daktari. Akataka kujua kama anahema akilala na kama kifua kinauma, akatuita kesho yake apimwe. Kuhusu safari akasema dozi isirukwe. Siku ya kutoka anaweza kuimeza akirudi, mradi isiwe usiku, asije akakesha chooni. Basi, jambo lenyewe dogo hivyo.

Kubwa lilikuwa kwenye pochi: diclofenac za magoti, kanunua mwenyewe duka la dawa. Daktari alizikataa kabisa, maana nazo zinazuia maji mwilini na kuumiza figo. Hapo tulinuniana siku mbili. Magoti yanamuuma kweli, na parasetamoli anaiita pipi.

Jumatano iliyofuata alisoma 61.5. Akashuka, akajifunga kanga vizuri, akaisukuma mizani kwa mguu chini ya kitanda.

"Mmbea huyu," akasema.