Siku yangu na tangi la akriliki, Paje

Saa kumi na mbili asubuhi. Wenzangu wa zamu ya usiku hawajaondoka, nami nishachukua tochi. Mwanga naulaza ubavuni mwa tangi. Ukimulika usoni moja kwa moja mkwaruzo hujificha. Leo sioni mpya, alhamdulillahi.

Tangi letu la samaki wa maji chumvi liko mapokezi, limeelekea bahari. Hoteli ilichagua akriliki, yaani plastiki angavu kama kioo, kwa sababu uzito wake ni karibu nusu ya kioo, na hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga. Kitatange akipita, rangi zake zote unaziona. Lakini akriliki ni laini. Hata huu mchanga wetu mweupe, ambao ni matumbawe na makombe yaliyosagika, unaishinda kwa ugumu. Punje moja ikibanwa baina ya kitambaa na ukuta, basi.

Saa moja. Naanza nje. Msimu huu wa kusi upepo unatuletea chumvi na vumbi la mchanga mpaka ndani. Mtu huona vumbi, akachukua kitambaa kikavu akafuta, na hapo ndipo mikwaruzo mingi inapopatikana. Mimi nanyunyiza maji matamu kwanza, mengi, yateremke na uchafu wake. Kisha kitambaa laini kilicholowa, mkono mwepesi, nikigeuza upande kila baada ya kufuta mara moja. Karatasi ya jikoni siitumii kabisa. Kitambaa kikianguka sakafuni, hakirudi ukutani mpaka kifuliwe.

Dada mgeni wa idara ya usafi ananijia na chupa yake. "Kaka, nikupulizie hii ya madirisha?"

"Ahsante sana dada'angu, hiyo tuiachie madirisha. Ina amonia. Akriliki ikiipata huota nyufa ndogo ndogo. Na spiriti vilevile."

Kauliza maswali mazuri. Nimempa kitambaa chake, kisichogusa kitu kingine.

Saa tatu. Wageni wanatoka kunywa chai. Watoto nawasogeza karibu waone, ila pete, saa na simu zisigonge ukuta. Wazazi huelewa ukiwaeleza kwa upole.

Saa nne. Kazi ya ndani, na hapa utaratibu ndio kila kitu. Nazima pampu, nasubiri mchanga utulie. Kuta kwanza, kunyonya uchafu wa chini baadaye, maji mapya mwisho kabisa. Ukianza na mchanga, utaupandisha majini na utakwenda kuusugua ukutani.

Sumaku ya kusafishia, ile ya vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje ya ukuta, naiangalia kwa macho na kwa kidole kabla haijaingia. Naipitisha polepole na kuisimamisha vidole vinne juu ya mchanga. Ikiteleza ikaanguka chini, inatoka nje, inasuuzwa, inakaguliwa upya. Sehemu ile ya chini nasafisha kwa sifongo mkononi, kuelekea juu. Pakiwa na gamba gumu la rangi ya waridi nalikwangua kwa kadi ya plastiki, taratibu, wembe hapana. Ukijani ukifutwa mapema hautaki nguvu, ndiyo maana sipendi kuruka siku.

Ami, mvuvi wetu, ameshusha madumu ya maji aliyoyachota nje ya mwamba. Nayaacha yatuame, kisha nayachuja kwa kitambaa. Ami hana haraka na mimi, anajua kwa nini.

Saa sita na nusu. Adhuhuri, halafu wali na samaki.

Saa nane. Meneja anataka tuongeze shokoni, yule wa miiba mirefu, kwa kuwa wageni humpenda. Namwomba tumwache baharini. Shokoni hula kwa kukwangua, na meno yake hayachagui jiwe wala akriliki. Konokono watatufaa zaidi. Amekubali, na nimefurahi kweli.

Saa tisa. Kuna mkwaruzo wa zamani upande wa nje, wa sanduku la mgeni. Uzuri wa akriliki ni kwamba hung'arishwa ikarudi. Natumia msasa wa maji, namba 800, halafu 1500, halafu 2000, ukuta ukiwa umelowa muda wote, mwisho dawa ya kung'arishia plastiki. Sianzi na msasa mkali kuliko mkwaruzo wenyewe unavyotaka.

Uko mwingine kwa ndani, mwembamba. Huo siugusi. Maji yameujaza na hauonekani ila kwa tochi. Kuusugua humo, karibu na mchanga, ni kutafuta kumi mingine.

Saa kumi na moja. Sifongo na vitambaa vya tangi vimesuuzwa, vimewekwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, mbali na upepo. Vipande vyote viwili vya sumaku viko kabatini.